Njia za baiskeli na za miguu: tuiombe kaunti nini kwanza?

Mkaazi wa Kawangware: Wenzangu, sera ya Kaunti ya Nairobi ya mwaka 2015 kuhusu usafiri usiotumia injini iliagiza kwamba asilimia 20 ya bajeti ya barabara itengewe watembea kwa miguu na waendesha baiskeli. Mimi huenda kazini kwa baiskeli, na njia yetu hukatika penye makutano, yaani palepale penye hatari kubwa zaidi. Kaunti ikituita kutoa maoni, tuanze na lipi?

Fundi wa Baiskeli: Anza na hayo makutano, ndugu yangu. Mstari wa rangi haumzuii mwenye bodaboda anayekwepa msongamano. Panahitajika kingo za zege na taa zinazowatanguliza waendao polepole.

Mama wa Githurai: Msisahau vivuko. Daraja la miguu ni jema, lakini mwenye mzigo kichwani na mtoto mgongoni huuona mzunguko wake kuwa mrefu mno, naye huamua kuvuka chini, katikati ya magari. Na wachuuzi watengewe nafasi yao, msiwafukuze tu (mimi pia huuza mboga).

Mkaazi wa Kawangware: Nashukuru, mama. Hilo la wachuuzi sikuwa nimelifikiria, nitaliandika.