Binti amefuata mapacha na ametanguliza miguu: Akello, Adoch au Kiiza?

MamaWatatu, Fort Portal, Uganda
Habari zenu. Binti yetu ana siku mbili, amefuata mapacha, na alitoka akitanguliza miguu. Baba yake Mtooro, mimi Mwacholi. Kwetu wengine wanasema Akello, wengine Adoch. Ukweni wanasema Kiiza, na wanataka empaako pia, lile jina la heshima na upendo la Watooro. Nishaurini, ningependa jina lisilo la kila mtu.

LapwonyKitgum
Hongera, dada. Wote wako sahihi, kila jina linataja jambo lake. Mapacha wa Kiacholi wakiwa wa kiume ni Opio na Ocen, wa kike Apio na Acen. Anayewafuata ni Okello au Akello, kisha Odong au Adong. O ya mwanzo ni ya mwanamume, A ya mwanamke. Adoch ni aliyetanguliza miguu. Akello wamejaa, Adoch ni adimu, na huyu kalipata kihalali.

Ateenyi_wa_Tooro
Kiiza pia ni anayefuata mapacha, awe wa kike au wa kiume. Baada yake ni Kaahwa.

Empaako ni kitu kingine kabisa, haishindani na majina hayo. Ziko 12: Abwoli, Adyeri, Akiiki, Atwooki, Araali, Abooki, Apuuli, Abbala, Acaali, Amooti, Ateenyi, na Okaali ambayo ni ya Omukama, yaani mfalme, peke yake. Tafadhali msimchagulie kwa simu. Shangazi zake wa kuumeni wampokee, wamkague uso na viungo, watafute ndugu anayefanana naye. Hapo ndipo empaako inapotoka. Mkuu wa ukoo ndiye hulitamka. Kisha mnakula ulezi na nyama ya ng'ombe iliyokaushwa kwa moshi, mnampandia mtoto mti. UNESCO iliuweka utaratibu huu mwaka 2013 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, kwa hiyo msiuruke. Halafu asili ya empaako inahusishwa na Waluo, na Waacholi ni miongoni mwao, kwa hiyo hata wewe Mwacholi si mgeni humo.

KaraniWaMajina
Kabla ya kwenda NIRA, mamlaka ya vitambulisho na usajili, kubalianeni tahajia moja. Adoch au Adoc? Kiiza, au Kizza ya Waganda? Herufi moja ikipishana kati ya cheti cha kuzaliwa na karatasi za shule, atahesabiwa watu wawili. Empaako iandikeni tu kama ataibeba kwenye kila karatasi.

MamaWatatu
Asanteni sana. Ni Adoch Kiiza, i mbili. Empaako inasubiri shangazi, wanafika Jumamosi.