The Last Dance: ni historia ya Chicago Bulls au ni utetezi wa Michael Jordan?

Mfululizo wa filamu ya matukio halisi wa The Last Dance, wenye sehemu 10 kuhusu msimu wa 1997/98 wa Chicago Bulls, timu ya mpira wa kikapu ya Marekani ambayo nyota wake alikuwa Michael Jordan, ulioneshwa Aprili na Mei 2020, wakati viwanja vilikuwa vimefungwa kwa sababu ya korona na mashabiki hawakuwa na mchezo mwingine wa kutazama. Swali lililoibuka wakati ule bado linabishaniwa: je, tuupokee kama historia, ilhali Jump 23, kampuni ya Jordan mwenyewe, ilishiriki katika utengenezaji wake? Ken Burns, mtengenezaji mkongwe wa filamu za historia nchini Marekani, alisema waziwazi kwamba ushirika wa namna hiyo haufai katika uandishi mzuri wa habari. Naungana naye, ingawa sababu yangu si ile inayotajwa na wengi.

Wengi hudai kwamba Jordan alijipamba. Sioni hivyo, kwa kuwa tunamwona akiwasimanga wenzake mazoezini, tunasimuliwa alivyompiga mmoja wao, Steve Kerr, ngumi, na habari za kamari hazikufichwa. Isitoshe, picha zilizochukuliwa msimu ule na wapigapicha wa NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, zilikaa stoo karibu miaka 20 kwa sababu hazikuweza kutumika bila idhini yake, kwa hiyo wanaomtetea mwongozaji, Jason Hehir, wana haki ya kuuliza kama tungeona chochote pasipo ridhaa hiyo.

Ninacholalamikia ni nani aliyepewa neno la mwisho. Jordan anakabidhiwa tableti ili amtazame Isiah Thomas, nyota wa timu pinzani ya Detroit Pistons, akieleza kwa nini wachezaji wa Pistons waliondoka uwanjani mwaka 1991 walipofungwa, bila kuwapa Bulls mkono, na hata kabla ya kuitazama anatamka kwamba hakuna maelezo yatakayombadilisha mawazo. Gary Payton, mchezaji wa Seattle, naye anaeleza alivyombana Jordan katika fainali za 1996, na huyo anamjibu kwa kicheko. Hatuoni tableti ikirudishwa kwa Thomas wala kwa Payton. Mwamba ngoma huvutia kwake, na hapa aliachiwa ngozi yote.

Aliyeumia zaidi ni Jerry Krause, meneja mkuu wa timu, aliyefariki Machi 2017 na ambaye kwa hiyo hakuweza kuketi mbele ya kamera kujieleza. Picha za zamani zinamwonesha Jordan akimuuliza, mbele ya watu, kama vidonge anavyomeza ndivyo vinavyomfanya abaki mfupi au ni vya kupunguza unene. Sikatai kwamba Krause alikosea, kwani alitangaza kabla msimu haujaanza kwamba huo ungekuwa wa mwisho kwa kocha Phil Jackson. Hata hivyo, ukiona vyaelea, vimeundwa: ni yeye aliyempata mchezaji Scottie Pippen kutoka Seattle siku ya uteuzi wa wachezaji wapya wa ligi wa 1987, akamchagua Toni Kukoč mwaka 1990, akamleta Jackson kama msaidizi kabla ya kumpandisha kuwa kocha mkuu, kisha akamchukua Dennis Rodman mwaka 1995 wakati timu nyingi zilimwogopa.

Pippen alikuwa hai, akahojiwa, na bado katika kitabu chake cha 2021 alilalamika vikali. Namwelewa. Mchezaji aliyekuwa wa 122 kwa mshahara katika ligi nzima anaitwa mbinafsi, kwa sababu ya kuchelewesha upasuaji, na mwenzake aliyelipwa zaidi ya dola milioni 33 msimu huohuo; tena zile sekunde 1.8 za mwisho wa mechi moja ya mwaka 1994 ambazo Pippen alikataa kucheza zinarejewa kwa kirefu, ilhali Jordan hakuwepo, alikuwa amekwenda kujaribu besiboli.

Anayeshikilia kwamba ule ni mfululizo wa historia ya timu anieleze jambo moja dogo: Luc Longley, Mwaustralia aliyeanza kama senta katika ubingwa wa 1996, 1997 na 1998, kwa nini hakuhojiwa hata kwa dakika moja?