Tupeane uzoefu: gego la mwisho, ung'oe au uvumilie?

Macho Kodo: Wakuu, saa tisa usiku na usingizi sina. Gego la mwisho la chini, kushoto, limechomoza nusu, nusu jingine limejifunika ufizi. Nina miaka 24. Nikimeza mate naona nyota, na mdomo haupitishi hata vidole viwili. Daktari kanipa dawa, kasema uvimbe ukitulia nirudi ling'olewe. Kwani ni lazima? Mliopitia haya semeni.

Kisiki: Pole. Ng'oa.

Bibi Mkubwa: Usikurupuke mwanangu. Mie nina 51, yote manne yamo na hayajawahi kunisumbua.

Kisiki: Yako yamesimama, bibi. Lake limelala.

Bibi Mkubwa: Umeliona wapi? Umekuwa tochi?

Nusu Kaputi: Uzi huu umenitonesha kidonda. Mimi lilianza nikiwa na miaka 19. Ufizi unavimba, nameza vidonge vilivyobaki vya mtu mwingine, siku nne limetulia, nasahau. Baada ya miezi kadhaa linarudi. Miaka minne mchezo ni huo huo. Safari ya mwisho uvimbe haukukaa shavuni, ulishuka chini ya taya hadi shingoni. Ulimi ukainuka. Mate hayamezeki, nayatemea kwenye taulo, naongea kama mtu mwenye tonge la moto mdomoni. Kaka yangu aliniambia nilale kidogo nipumzike. Nilipolala chali pumzi ikakata. Nikakaa wima hadi asubuhi. Nilipofikishwa, daktari hakuuliza habari ya jino kabisa, aliuliza, "Unapumua?" Nilichanwa chini ya kidevu, usaha ukatolewa, nikawekewa mpira wa kutolea uliobaki, dripu siku sita. Ndevu hizi mnazoziona zinaficha kovu.

Mama Wawili: Jamani! Na jino?

Nusu Kaputi: Lilitolewa siku hiyo hiyo. Lililala likamwegemea jirani yake, chakula kinanasa katikati, jirani naye kaoza ubavu. Yakaondoka yote mawili.

Kisiki: Bibi, umesoma hapo?

Bibi Mkubwa: Nimesoma. Mwambie pia asilale na shingo imevimba. Mimi nilimkataza kukurupuka, sikumkataza hospitali.

Karafuu Moja: Tafuna karafuu ulaze pale panapouma. Utanishukuru.

Pembe Nne: Karafuu tena! Mtu ana usaha nyie mnampa kiungo cha pilau.

Fundi Sanifu: Tuweke sawa. Magego haya kwa kawaida hutoka kati ya miaka 17 na 25, na wapo wasioota hata moja. Uingereza, taasisi yao ya miongozo ya tiba, NICE, ilielekeza tangu mwaka 2000 kwamba yasiyo na tatizo yasing'olewe. Marekani wengi huyatoa mapema, mizizi haijakomaa na mfupa bado haujawa mgumu.

Mama Wawili: Sasa tumfuate nani?

Fundi Sanifu: Lake lina tatizo tayari, ubishi huo haumhusu. Dawa inapunguza wadudu tu. Mfuko wa ufizi unaonasa chakula unabaki pale pale.

Pembe Nne: Na kama dawa yenyewe ni metronidazole, pombe usionje.

Kisiki: Afadhali jino.

Ganzi: Kabla ya kung'oa dai picha ya taya zima. Mzizi wangu ulikuwa karibu na mshipa wa fahamu. Mdomo wa chini ulikaa na ganzi miezi mitatu. Nakunywa maji yananichuruzikia kidevuni sina habari.

Mama Wawili: Mimi kung'olewa kwenyewe dakika kumi, nikajiona shujaa. Siku ya tatu ndiyo nikalia. Nilivuta sigara (ndiyo, nimeacha, msinihubirie) na nikasukutua kwa nguvu, donge la damu likatoka, mfupa ukabaki wazi. Maumivu yanapanda hadi sikioni, harufu mimi mwenyewe naikimbia. Nikarudi, wakaosha shimo wakashindilia dawa fulani inanukia karafuu, nusu saa nikapata amani.

Karafuu Moja: Inanukia nini? Rudia, kuna mtu hajasikia.

Pembe Nne: Daktari kaweka baada ya kuosha shimo. Wewe unashindilia juu ya usaha.

Karafuu Moja: Karafuu ni karafuu.

Macho Kodo: Wakuu, nimerudi. Uvimbe umepungua, picha imepigwa, limelala kama mtu aliyechoka. Ijumaa natolewa. Maji ya chumvi naanza lini?

Mama Wawili: Siku hiyo usisukutue kabisa, wala usifyonze kitu kwa mrija. Anza kesho yake, polepole.

Macho Kodo: Nikitoka naweza kuendesha pikipiki mwenyewe?

Bibi Mkubwa: Mtafute wa kukurudisha. Na asiwe Kisiki.