Tristan da Cunha, Svalbard au barabara ya Pamir?

Mguu Njia: Wadau, nataka kwenda mbali kwelikweli. Nimebaki na tatu: kisiwa cha Tristan da Cunha, Svalbard (visiwa vya Norwe kule Aktiki), au barabara ya Pamir, ile ya milimani kule Tajikistan. Likizo mwezi mmoja, mfuko wa kawaida. Mngechagua ipi?

Baharia Mkavu: Kwa mwezi mmoja, Tristan ifute. Hakuna uwanja wa ndege. Ni meli kutoka Cape Town, kama wiki nzima majini, na sharti baraza la kisiwa likukubalie kwanza. Bandari yao ni ndogo, meli hutia nanga nje, hivyo bahari ikichafuka unakitazama kisiwa kwa macho tu. Na ya kurudi? Unaisubiri. Kama ni Atlantiki ya Kusini unayoitaka, kisiwa cha St Helena kina ndege za abiria tangu 2017.

Bibi Ramani: Hakuuliza St Helena 😀 Svalbard ndiyo nyepesi kufika, unatua Longyearbyen, nyuzi 78 kaskazini. Mtego ni viza: Svalbard yenyewe haidai, lakini ukipitia Norwe bara unaweza kuhitaji ya Schengen (ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya), na iwe ya kuingia mara mbili, la sivyo utakwama wakati wa kurudi. Juni jua halizami, Desemba halichomozi.

Mguu Njia: Gharama je?

Bibi Ramani: Inauma, sikufichi. Nje ya mji kuna dubu weupe, kwa hiyo hutembei bila mwongozaji mwenye silaha, na huyo analipwa.

Kokoto: Basi Pamir. Mnachangia gari na dereva, mnalala kwenye nyumba za wenyeji. Mbali na viza utahitaji kibali cha mkoa wa Badakhshan. Adui wa kule ni kimo: mji wa Murghab uko zaidi ya mita 3,600, na pale barabara inapovuka mlima, Ak-Baital, inafika 4,655. Wengi huanzia Osh, upande wa Kyrgyzstan, nami sishauri, unapanda haraka mno. Anzia Dushanbe, mji mkuu wa Tajikistan, pumzika Khorog njiani, mwili uzoee. Kichwa kikigonga na ukaanza kutapika, shuka. Usijikaze kisabuni mbele ya wenzio.

Baharia Mkavu: Na bima usome mpaka maandishi madogo. Nyingine hazikulipi ukishavuka kimo fulani.

Mguu Njia: Pamir basi. Julai panapitika?

Kokoto: Panapitika, ila theluji ikiyeyuka mito hujaa na barabara hukatika. Acha siku za akiba kabla ya ndege ya kurudi.

Bibi Ramani: Mimi bado niko Svalbard.