Naomba ushauri: mke aliyetoroka, talaka na penzi jipya kwenye riwaya

Habari zenu waandishi na wasomaji wa riwaya. Shikamooni wakubwa.

Muswada wangu umekwama sura ya 14. Rehema amemtoroka mume anayempiga huko Mwanza, sasa anashona nguo Tanga. Mume ni wakala wa miamala ya simu, kwa hiyo Rehema ameiacha laini yake ya zamani na nauli amelipa taslimu. Nakala ya PF3 (fomu ya polisi ya kwenda kutibiwa majeraha) ameishonea ndani ya pindo la gauni. Hadi hapo mambo yanakwenda.

Kinachonikwamisha ni talaka. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, inakataza kumchapa mwenza. Ila kifungu cha 101 kinataka shauri lipite kwanza baraza la usuluhishi, isipokuwa, kwa mfano, mahakama ikiridhika kuwa kuna mazingira ya pekee. Nilimpitisha barazani: mume akaitwa, akajua mkewe yuko hai na wapi pa kumvizia. Taharuki ikapanda, lakini Rehema akaonekana kajipeleka mwenyewe mdomoni mwa mamba. Nikaliruka baraza, penzi lake na nahodha wa jahazi likaiva mapema, wasomaji wa awali wakamwita Rehema mzinzi. (Wasomaji wetu hapo hawana msamaha.)

Wenye uzoefu wa msaada wa kisheria: kipigo chenye PF3 na vitisho vya kuuawa vinatosha kuomba baraza lirukwe, au hakimu hutaka zaidi?

Na nyie wa mapenzi na taharuki: nahodha atamke hisia zake kabla ya hukumu, au nimbakize rafiki hadi talaka itoke?