Mwanangu ana selimundu, daktari anasema ni herufi moja tu kwenye DNA. Nieleweshwe niweze kuongea na familia

MamaMdogo_Mza

Habari za jioni wanajukwaa, naombeni ushauri na msinichoke mana nitaandika kirefu.

Nina mtoto wa kiume wa miezi 9. Alizaliwa mzima kabisa, ananyonya vizuri, kliniki kila mwezi uzito unapanda. Juzi juzi akaanza kulia usiku kucha, asubuhi tunamwangalia viganja na nyayo vimevimba, nikajua mdudu kamng'ata. Hospitali wakachukua damu, majibu yakatoka SS, yaani selimundu. Daktari alikuwa mpole akajitahidi kunieleza, akasema mama hapa kuna herufi moja tu imebadilika kwenye DNA, herufi moja kati ya bilioni 3. Foleni nje ilikuwa imefika getini nikashindwa kuuliza zaidi, nikapewa vidonge vya foliki na dawa ya penisilini nikarudi nyumbani na hilo neno linazunguka kichwani. Herufi moja inawezaje kumfanya mtoto alie vile? Na kama anayo tangu tumboni mbona miezi sita ya kwanza alikuwa hana hata mafua?

Kinachoniumiza zaidi ni nyumbani. Mama mkwe anasema kwao haipo, nimekuja nayo mimi. Shemeji naye kapata mzee mmoja wa dawa anayesafisha damu na wanataka tumpeleke mtoto, vidonge tuache kwanza. Mume wangu ni mtu mzuri ila yuko katikati, hajui ashike lipi. Sitaki ugomvi na mama wa watu, nataka nielewe mwenyewe halafu nikae nae nimweleze kwa adabu. Form four nilimaliza na baiolojia niliipenda, kwahiyo msiogope kunieleza kwa undani.

kambi_popote

Pole sana dada, Mungu amlinde huyo mtoto. Naweka kambi hapa nasubiri wajuzi.

ticha_bios

Dada pole, na swali lako ni zuri mno, mimi hii mada nafundisha form six na bado kila mwaka inanisisimua. Nipe nafasi niende taratibu.

DNA ndo maelekezo ya mwili yanayokaa ndani ya seli, na imeandikwa kwa herufi nne tu, A, T, G na C. Kila seli yenye kiini inayo nakala nzima, na seli ikitaka kugawanyika inanakili yote, uzi mmoja unakuwa kielelezo cha mwenzake mana A inakaa na T tu na G inakaa na C tu. Kuna vimeng'enya (protini zinazoendesha kazi za kikemia) vinavyonakili na vingine vinapita nyuma vinasahihisha. Ndo mana kilichoandikwa kinarithishwa kizazi hadi kizazi karibu bila kukosewa, na herufi iliyowahi kubadilika zamani za mababu nayo inanakiliwa kwa uaminifu uleule.

Sasa DNA yenyewe haifanyi kazi za mwili, kazi zinafanywa na protini. Protini unayoihitaji kuielewa wewe ni hemoglobini, ile inayobeba oksijeni kwenye damu. Ina minyororo minne, miwili ya alfa na miwili ya beta. Maelekezo ya kila mnyororo yako kwenye kipande cha DNA kinachoitwa jeni, na DNA imefungwa kwenye vifurushi vinavyoitwa kromosomu. Jeni ya alfa iko kromosomu ya 16, ya beta iko kromosomu ya 11, na shida ya mtoto iko hapo kwenye beta.

Seli ikitaka kutengeneza beta haitoi DNA nje ya kiini. Inafungua kile kipande tu, kimeng'enya kinapita kinaandika nakala ya RNA, ambayo inafanana na DNA ila penye T inaweka U. Hiyo nakala kwanza inahaririwa, jeni ya beta ina vipande viwili katikati ambavyo havisomwi vinakatwa na vilivyobaki vinaungwa, ndo nakala inatoka nje ya kiini na kukutana na ribosomu, mashine ya seli inayounda protini. Ribosomu inasoma herufi tatu tatu. Kila tatu zina maana ya asidi amino moja (tofali la kujengea protini), na RNA ndogo ndogo za kubebea zinaleta hiyo asidi amino mlangoni, inaungwa na iliyotangulia, mnyororo unarefuka. Michanganyiko ipo 64, mitatu ni ya kusema simama, 61 iliyobaki inagawana asidi amino 20. Kuanza ni AUG. Beta ikikamilika ina asidi amino 146.

Wanafunzi huwa nawaandikia ubaoni hivi:

MTU AJE LEO SAA NNE

Ukisoma tatu tatu inaeleweka. Nikifuta ile J na kuendelea kusoma tatu tatu inakuwa MTU AEL EOS AAN NE, kila kitu baada ya pale kimeharibika. Lakini nikibadili J kuwa L inakuwa MTU ALE LEO SAA NNE. Hapo ndo pa kukaa na kufikiri, mana sentensi bado inasomeka vizuri tu, msomaji hawezi kujua kuna kosa, ila ujumbe ni mwingine. Selimundu ni ya aina hii ya pili. Penye GAG pamekuwa GTG, kwenye RNA inasomeka GUG. Ribosomu inaisoma bila shida, badala ya kuweka asidi ya glutamiki nafasi ya 6 inaweka valini, inaendelea mpaka mwisho. Mnyororo unatoka mzima wa asidi amino 146, tofauti ni moja tu. Vernon Ingram ndo aliionyesha hiyo tofauti kule Cambridge miaka ya 1956 na 1957, kabla hata watu hawajajua kusoma herufi za DNA.

Kwanini moja inatosha kuumiza? Glutamiki ina chaji, inapatana na maji. Valini inayakimbia maji. Na iko juu juu ya hemoglobini, sehemu inayoonekana. Hemoglobini ikishaachia oksijeni yake, ile valini inapachikana na hemoglobini ya jirani, na hiyo na nyingine, zinajipanga nyuzi ndefu ngumu ndani ya chembe ya damu. Chembe inapinda kama mundu, inakuwa ngumu, haipiti kwenye mishipa midogo. Vidole vya mtoto vina mishipa midogo sana. Ule uvimbe ndo huo, damu imeziba na mfupa umekosa oksijeni.

maabara_kwetu

Ticha umemaliza kazi. Niongezee kuhusu miezi sita ya kwanza mana wazazi wengi wanaletwa maabara wakiwa na hilo swali na wengine wanafikiri mtoto kafanyiwa kitu.

Mtoto akiwa tumboni hatumii sana beta, anatumia mnyororo mwingine unaitwa gama, jeni yake iko palepale kromosomu ya 11. Hemoglobini ya gama inashika oksijeni kwa nguvu kuliko ya mama, ndo mana anaweza kuivuta kwake. Akizaliwa mwili unaanza kuzima gama na kuwasha beta, polepole kwa miezi. Kwahiyo ile herufi ilikuwepo siku zote lakini ilikuwa haijaanza kusomwa kwa wingi. Gama ikishapungua ndo dalili zinaanza, na kuvimba mikono na miguu mara nyingi ndo ya kwanza kabisa.

La pili ni hili la kusafisha damu. Chembe nyekundu ikikomaa inatoa kiini chake nje, haina tena DNA, hemoglobini iliyonayo ilitengenezwa ikiwa bado changa ndani ya uboho, ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu. Chembe za mtu wa kawaida zinaishi kama siku 120, za mwenye SS siku 10 mpaka 20 hivi. Hata leo ungeweza kuiondoa damu yote ya mtoto, uboho unamwaga nyingine kesho kwa maelekezo yaleyale. Hakuna cha kusafisha. Na kwasababu uboho unakimbizana usiku na mchana kutengeneza chembe mpya, unanakili DNA kwa wingi kuliko wa mtu mwingine, na herufi T hazitengenezeki bila foliki. Kile kidonge kidogo cha foliki mlichoambiwa muache kina kazi hiyo.

Nyakabungo

Wataalamu tunawaheshimu ila msidharau dawa za asili, babu zetu walitibu watu kabla ya hizo DNA. Mimi namjua mtu kapona kabisa. Pia nilisikia damu ya baba ndo inatawala, mtoto anafuata ya baba.

ticha_bios

Nyakabungo mkuu, hakuna anayedharau, ila tumwambie dada kitu sahihi mana kuna mtoto hapa. Mwenye AS (hapa A ni beta ya kawaida, sio ile herufi ya DNA, na S ni iliyobadilika) ana herufi moja nzuri na moja iliyobadilika, haumwi, na wengi wakipimwa kwa haraka wanaambiwa wana sikoseli. Mtu wa hivyo akinywa chochote ataonekana kapona.

Na hakuna ya baba kutawala. Kromosomu ya 11 ziko mbili, moja ya mama moja ya baba, na zote mbili zinasomwa. SS maana yake amepokea S pande zote. Dada, hapo ndo pa kumweleza mama mkwe, ila taratibu sana. Mume wako anayo S moja, na yeye aliipata kwa baba yake au mama yake. Hakuna mwenye kosa. Ukimwambia kwa namna ya kumrudishia lawama mtagombana tu, bora aanze mume wako mwenyewe kwenda kupima, majibu yake yaongee.

bintiKilifi

Poleni kutoka huku pwani ya Kenya. Nataka mama mkwe asikie na hili, hiyo S haikuja kwa mkosi. Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alichapisha kazi yake aliyopima watu Kenya, Uganda na Tanganyika, akaona penye malaria nyingi ndipo penye S nyingi. Mtoto wa AS akiumwa na mbu mwenye malaria uwezekano wa kupata ile malaria kali inayoua unashuka sana. Huku Kilifi utafiti wa hilo umefanyika miaka mingi na majibu ni yaleyale. Sasa fikiria Pwani na Kanda ya Ziwa, mababu waliobeba S moja ndio waliobaki hai wakazaa. Familia zote mbili mnatoka kwa watu hao. Ila muelewe vizuri, mwenye SS hana huo ulinzi wa kutamba nao, malaria ikimpata inamwangusha vibaya, chandarua kila usiku bila kukosa.

niko_SS

Mimi ni mtu mzima, nina SS, nina kazi na familia. Dada nisikilize mimi niliyeishi nayo ndani ya mwili.

Ticha kasema nyuzi zinajipanga oksijeni ikipungua, na maji yakipungua ndani ya chembe hemoglobini zinabanana zinashikana haraka zaidi. Hayo ndo maisha yangu yote. Nakunywa maji hata nisiposikia kiu, baridi siichezei, homa siisubirishi mpaka asubuhi. Penisilini ya mtoto usiiache hata kidogo mana bandama la mtoto wa SS linaharibika mapema sana, na lenyewe ndo linalochuja bakteria. Mwambie nesi akufundishe kulipapasa, upande wa kushoto chini ya mbavu. Siku ukilikuta limekua ghafla na mtoto kapauka midomo, usimpigie simu mtu, kimbia hospitali, damu inakuwa imejaa humo na inaua kwa masaa.

Uliza pia kuhusu haidroksiyurea. Mimi nilichelewa kuipata, tangu nianze kulazwa kumepungua sana. Inarudisha ile hemoglobini ya utotoni, gama, iongezeke tena. Watoto nao wanapewa ila lazima daktari apange dozi na damu ipimwe mara kwa mara.

MamaMdogo_Mza

Nimesoma yote mara mbili, nimelia pale kwa niko_SS, sio kwa huzuni. Mume wangu nimempa simu kasoma mwenyewe mpaka kwa bintiKilifi, kanyamaza muda mrefu halafu kasema mzee wa dawa hatuendi. Mama nitakaa nae Jumapili.

Mawili yamebaki. Kama wanajua kabisa ni herufi ipi, mbona hawairekebishi? Na tulikuwa tunapanga mtoto mwingine.

ticha_bios

Wameanza. Novemba 2023 Uingereza ilipitisha tiba inaitwa Casgevy, Marekani ikafuata Desemba. Na ajabu yake ni kwamba haigusi ile herufi kabisa. Wanachukua seli mama za uboho za mgonjwa, wanakata sehemu ya jeni nyingine, BCL11A kromosomu ya 2, ambayo ndo inayozima gama mtoto akikua. Ikishindwa kuzima, gama inarudi. Lakini kabla ya kurudishiwa hizo seli unapigwa dawa kali ya kuua uboho wa zamani, mwaka 2023 waliiruhusu kuanzia miaka 12, na kule Marekani bei iliyotangazwa wakati huo ilikuwa dola milioni 2.2. Nakuambia ukweli wote usije ukauza shamba kwa mtu atakayekudanganya kwamba anayo. Kilicho mkononi leo ni haidroksiyurea, nayo inakwenda kwenye mlango huohuo wa gama kwa njia nyingine.

maabara_kwetu

Mtoto mwingine: kama wote ni AS, kila mimba ina uwezekano robo SS, nusu AS, robo AA. Kila mimba inaanza upya, huyu wa kwanza kuwa SS haimaanishi watatu wanaofuata wamesalimika, hilo watu wanalikosea sana. Uamuzi ni wenu wawili, ila mtoto akizaliwa mpimeni wiki za mwanzo, msisubiri avimbe, penisilini ianze mapema.

Mume akienda kupima asikubali kile kipimo cha haraka tu. Vingi vya hivyo vinaonyesha S ipo au haipo, havitenganishi AS na SS. Aombe kile kinachotenganisha aina za hemoglobini, majibu yaandikwe AA, AS au SS. Na kama kaongezewa damu miezi mitatu hivi iliyopita awaambie kabla hawajamtoboa, mana watapima damu ya mtu mwingine.