Mnatuuzia Touch of Evil ya 1958 kwa jina la toleo la Welles, halafu mnasema "filamu ni ileile"

Wakuu, leo mnivumilie, nimechafukwa.

Kuna huduma moja ya filamu mtandaoni, jina naliacha kwanza, imetangaza kwa mbwembwe kuwa imeleta Touch of Evil "kama alivyoitaka Orson Welles", yaani mwongozaji wake. Nikalipia fasta. Kufungua tu, majina ya waigizaji haya hapa yanatambaa juu ya picha na muziki wa Henry Mancini unarindima. Nikajua nimepigwa.

Kwa ambao hamjaiona: inaanza na mikono inayotega bomu la saa. Mtu anakimbia, analitumbukiza kwenye buti la gari. Kamera inapanda na kreni, inapita juu ya majengo, inashuka mtaani na kulifuata gari hadi kwenye kizuizi cha mpaka wa Mexico na Marekani, zaidi ya dakika 3 bila kukatwa hata mara moja. Charlton Heston na Janet Leigh, mume na mke kwenye filamu, wanatembea zao kwa miguu, mara gari liko nyuma yao, mara limewapita. (Heston kupakwa rangi ili awe Mmexico, hilo nalo lina uzi wake.) Dada aliye ndani ya gari anamlalamikia askari wa mpakani kwamba anasikia kitu kinagonga tik-tik kichwani. Mimi nimekodoa macho kwenye lile buti, na nyinyi ndipo mnaniwekea majina juu ya picha nisome nani alishona nguo?

Welles mwenyewe alilia na hilihili. Universal, studio iliyoitengeneza, walimnyang'anya filamu, wakampa mwongozaji mwingine, Harry Keller, apige vipande vya kuongezea. Mwaka 1957 Welles alipooneshwa walichokifanya, akawaandikia kurasa 58 za marekebisho. Alitaka mwanzo usikike muziki wa vilabuni na wa redio za magari, unakuja na kupotea kadiri kamera inavyopita. Alitaka pia baada ya mlipuko habari za mume na mke ziende kwa kupishana, tusimsahau huyu tukiwa na yule. Mengi wakayapuuza, wakaitoa 1958 ikiwa na kama dakika 95. Ni mwaka 1998 ndipo mhariri wa filamu Walter Murch alikaa na zile kurasa akaihariri upya, majina yakapelekwa mwisho, ikawa dakika 111.

Hiyo ya 111 ndiyo niliyolipia. Imeandikwa kwenye tangazo lao, nimepiga picha ya skrini.

Huduma kwa wateja wakanijibu hivi: "Ndugu mteja, filamu ni ileile, tofauti ni dakika chache. Jaribu kufuta programu na kuipakua upya." Jamani! Nikifuta programu Murch atatokea? Nikauliza kuhusu hela yangu, wakasema nimeshaangalia zaidi ya dakika 5 kwa hiyo hairudi. Sasa nisingeangalia ningejuaje?

Na msidanganyike na ile ya dakika 108 iliyopatikana miaka ya 70, nayo kuna wanaoinadi kuwa ndiyo ya Welles. Majina yakitokea juu ya lile gari, funga hapohapo kabla dakika zao 5 hazijaisha.

Kuna aliyewahi kurudishiwa hela na hawa watu? Alianzia wapi? Na mwenye diski halali ya 1998 anayeuza, aje inbox, bei tutaongea.